Kifuniko cha Sinia Kilichojikunja

Nina hasira na kitambaa kinachojikunja. Nilikuwa nayo kabla ya haya ninayotaka kuyaeleza, na ninayo mpaka leo, ingawa siku hizi sijui kama ni hasira ya kitambaa au ni ya mimi mwenyewe.

Nafundisha kushona kroshia katika chuo kidogo cha ufundi hapa Galbet, Garissa. Wanafunzi wangu ni wasichana waliomaliza shule wakakosa la kufanya, na akina mama wachache waliohamia mjini baada ya mifugo yao kuisha. Kila muhula, ikifika wiki ya pili, mambo ni yale yale. Msichana ananiletea kitambaa chake cha mduara, amekishika kwa ncha za vidole kana kwamba si chake, na kingo zimesimama.

"Madam, hii kitu imekataa kulala."

Haijakataa. Uzi hauna kiburi. Wewe ndiye hukuhesabu, kwa sababu ulikuwa unaangalia simu. Nami nawaambia kwa sauti ambayo mwalimu wa ushonaji wa chumba cha pili huisikia na kucheka: ukianza na mishono kumi na miwili, kila mzunguko unaongeza kumi na miwili mingine, umeigawa sawasawa, si yote upande mmoja. Ukiongeza pungufu, kingo zinapanda na unapata bakuli. Ukizidisha, zinajipinda huku na huku. Mkono ukikaza sana, hata hesabu ikiwa sawa, bado zitapanda. Basi chukua sindano yenye ndoano nene zaidi na ulegeze uzi kidoleni. Ukimaliza, kiloweshe kitambaa, kitandaze juu ya godoro, kibane kwa pini pande zote, kiache kikauke. Kwa jua letu hili hakichukui muda. Lakini pini ni za kumalizia kazi nzuri, hazifichi kazi mbaya. Hilo nalirudia mpaka nakauka koo.

Sasa nieleze kuhusu mama yangu.

Mama alifuma vyombo vya maziwa maisha yake yote. Mimi nilizaliwa nje kidogo ya Griftu, na katika kumbukumbu zangu zote za utotoni mikono yake haikai bure. Alichuna nyuzi kutoka kwenye mizizi, akazilainisha, akazungusha mzunguko juu ya mzunguko, akikaza kila mmoja kwa nguvu zake zote. Chombo cha maziwa hakina msamaha: mkono ukilegea mahali pamoja, maziwa yanavujia hapo, na mwanamke mwenye chombo kinachovuja anasemwa kisima kizima. Vyombo vya mama havikuvuja. Nilipoolewa alinipa viwili, na mpaka leo viko juu ya kabati langu, ukivifungua vinanuka moshi wa kuvisafishia.

Na mama hahesabu. Kwao mifugo haihesabiwi kwa kidole. Mtu anasimama mlangoni mwa zizi, kundi linaingia, na anajua ni mbuzi yupi hakurudi, bila kutaja idadi. Kitu kinachokua, ukikihesabu unakiziba. Nilipokuwa mdogo nilihesabu ndama wetu kwa sauti na nikapigwa kofi ambalo sikulielewa kwa miaka mingi.

Alikuja kuishi nami Garissa macho yake yalipoanza kuharibika. Nilidhani ni mtoto wa jicho, jambo la kupasuliwa na kumalizika. Daktari wa macho alimmulika kwa muda mrefu, akaniita kando, akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilimkasirikia daktari yule. Kisha nikajikasirikia mimi niliyemwacha mama kwa mashemeji zake miaka yote ile akisema anaona ukungu.

Mwaka huo huo binti yangu mkubwa aliposwa. Siku mbili baada ya kupata habari, mama aliniambia anataka kumfumia mjukuu wake kitu cha kwenda nacho. Kila msichana wa ukoo wake alitoka nyumbani na chombo kilichofumwa na bibi yake, na yeye hangekuwa bibi wa kwanza kutuma mtoto mikono mitupu. Lakini mizizi ya kufumia haipatikani Galbet, na binti yangu hakamui ngamia. Maziwa ananunua kwa akina mama wenye madumu karibu na stendi.

"Nifundishe hiyo ya kwako," mama aliniambia. "Ya uzi wa duka. Nitamshonea cha kufunika sinia la chai. Macho yamebaki kidogo, yatatosha kwa kimoja. Baada ya hicho sitashika tena sindano."

Hayo maneno niliyasikia vizuri. Ni muhimu niseme kwamba niliyasikia, kwa sababu baadaye nilifanya kama sikuyasikia.

Nilimnunulia uzi mweupe wa pamba na sindano yenye mpini mnene. Nilimwonyesha mshono, akaushika kwa siku moja, maana vidole vyake vilikuwa vinajua kuzungusha kabla mimi sijazaliwa. Kuongeza mishono ndiko kulikotugombanisha.

"Hooyo," nilimwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "hapa ongeza. Hesabu mishono miwili, halafu ongeza."

"Sihesabu."

"Basi nitakuhesabia mimi."

"Usimhesabie mtoto wangu nyumba yake," alisema, akageuza uso. "Nenda kazini kwako. Nitajua pa kuongeza."

Nikaenda kazini kwangu nimekasirika. Nilikuwa nimefundisha mamia ya watu, na mama yangu mzazi ananiambia atajua.

Alishona miezi minne. Alikaa kibarazani asubuhi kabla jua halijawa kali, binti yangu kando yake akimtafutia mshono uliomponyoka, na midomo yake ilikuwa ikitembea muda wote. Nilidhani ni nyiradi zake za kawaida. Kitambaa kilikua. Mwanzoni kililala vizuri, lakini mduara mdogo humdanganya kila mtu. Kilipopita ukubwa wa kisosi, kingo zikaanza kuinuka. Kilipofika ukubwa wa sahani, zilikuwa zimesimama kabisa. Siku aliyokata uzi na kuniwekea mapajani, ulikuwa unaweza kumimina supu humo.

Akatabasamu akiangalia upande ambao si wangu. "Kimelala?"

"Kimelala, Hooyo," nikamwambia.

Ningeishia hapo kama si jirani yangu, mwanamke wa duka la mapazia, ambaye haji kwa mtu bila kupekua. Alikuja kuona vitu vya bibi harusi kabla upande wa bwana haujaja. Akashika mapazia, akashika mito, akainua kifuniko cha mama kwa vidole viwili.

"Hii ni ya kufunika sinia ama ni ya kunyweshea mbuzi?"

Akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye. Kisha akaongeza kwamba watu watashangaa sana, mwalimu mzima wa kroshia, na hiki ndicho binti yake anachokwenda nacho. Mji huu una macho mengi. Siku ya kuonyesha vyombo, wanawake wa upande wa mume hawaji kunywa chai, wanakuja kugeuza mashuka upande wa ndani. Nilijua kabisa watakachosema, na nilijua watanisema mimi.

Nilijaribu njia ya halali kwanza. Nilikilowesha, nikakitandaza godoroni, nikakibana kwa pini arobaini. Kilikauka kimelala. Nikatoa pini, na mbele ya macho yangu kingo zikapanda tena polepole mpaka zikasimama pale pale zilipokuwa. Nilipiga pasi juu ya kitambaa kibichi, ikawa vile vile. Nilikitukana kitambaa kile, peke yangu chumbani, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Wiki hiyo mama alipelekwa Kotile kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa. Angekaa siku nne. Alfajiri gari lilipoondoka naye, nikatafuta mwisho wa uzi, nikavuta.

Kazi ya kroshia inafumuka kwa urahisi unaotia aibu. Unavuta tu. Mizunguko iliyomchukua asubuhi nzima nzima ilikwisha kwa pumzi moja. Nilifumua mpaka nikafika pale kitambaa kilipokuwa bado kimelala, mizunguko sita ya katikati, nikaona hapa hesabu inatengenezeka. Uzi uliotoka ulikuwa umejikunja kila inchi, kwa jinsi alivyoukaza. Nikaulowesha, nikauning'iniza dirishani na jiwe chini yake mpaka ukanyooka. Nikashona siku nne. Nilihesabu kila mshono. Nilitumia uzi ule ule, sindano ile ile na mchoro ule ule, na kikatoka kimelala sinia nzima bila pini hata moja.

Nilijipongeza. Niseme ukweli, nilijiona binti mwema. Nilikuwa nimemwokoa mama yangu na midomo ya watu, na yeye hataona tofauti, maana haoni. Ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayo hayo.

Wanawake wa upande wa bwana walikuja Alhamisi baada ya alasiri, kumi na wawili, ubani wa uunsi ukiwaka, sebule imejaa mpaka mlangoni. Waligeuza mashuka kama nilivyosema. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mkubwa mwenye sauti, akafika kwenye sinia, akapitisha kiganja juu ya kifuniko.

"Mashallah. Hiki kimelala! Kimeshonwa na nani?"

"Mama yangu," nikasema. "Bibi yake."

"Na macho hayo?"

"Na macho hayo hayo."

Sebule nzima ikasema mashallah. Jirani yangu wa mapazia alikuwa kwenye kona, akaniangalia, na mimi nikamwangalia kwa ushindi. Shangazi akainua kifuniko, akampelekea mama pale alipoketi, akakiweka mikononi mwake ili asifiwe akiwa amekishika.

Mama alipitisha vidole kwenye ukingo. Alizunguka wote, taratibu, mpaka akarudi alipoanzia. Kisha akakikunja katikati akamrudishia shangazi.

"Huu si mkono wangu," alisema.

Shangazi akacheka, akadhani ni unyenyekevu wa wazee. "Bibi, usijifiche, kazi ni nzuri."

"Kazi ni nzuri," mama alisema. "Si yangu. Mimi sijamshonea huyu mtoto kitu."

Akaomba ashikwe mkono apelekwe kutawadha, ingawa magharibi ilikuwa bado. Wageni wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja kuhusu joto na bei ya mbuzi. Mimi nilimimina chai, nikaimwaga nje ya vikombe.

Walipoondoka, binti yangu alinifuata jikoni. Huyu ni mtoto ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele.

"Hooyo, umekifumua."

"Nimekirekebisha. Ulitaka wakucheke?"

"Unajua alikuwa anaongeza wapi mishono?"

"Hakuwa anaongeza popote! Ndiyo maana kikasimama!"

"Alikuwa ananiombea dua. Dua ikiisha anaongeza mshono mmoja, anaanza dua nyingine. Mwanzoni zilikuwa fupi. Nipate afya. Nipate watoto. Halafu zikawa ndefu. Mume akikasirika ulimi wake uwe mzito. Nikiwa mbali na nyumbani nipate jirani wa kunisikia. Mvua zikikosa nisikose wa kunipa. Siku nyingine alizunguka nusu ya kitambaa kabla hajamaliza moja. Bibi aliniambia nisikuambie, utamhesabia."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla ya kufumua. Akasema hakujua nitafumua, siku zile alikuwa kwa rafiki zake wa shule wakiagana, na kwamba mtu hafumui kazi ya mtu bila kumuuliza, hilo nimewafundisha mimi mwenyewe, hata kwenye ukuta wa darasa limeandikwa. Ni kweli limeandikwa. Nimeliandika mimi kwa kalamu nyekundu.

Nilikasirika vibaya sana pale jikoni. Nilimkasirikia binti yangu kwa kujua, na mama kwa kuficha. Nilimkasirikia jirani na mbuzi zake. Niliukasirikia mji huu ambao mwanamke anapimwa kwa kifuniko cha sinia. Nilipomaliza wote hao nikabaki na aliyevuta uzi, na huyo sikuwa na mahali pa kumpeleka.

Nilikwenda kwa mama na kifuniko mkononi. Alikuwa ameshaswali, amekaa juu ya mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa cha mwalimu.

"Hooyo, katikati ni kwako. Mizunguko sita sikuigusa."

Alinyoosha mkono, nikampa. Akaweka kidole gumba katikati kabisa, akaanza kuzunguka kutoka ndani kwenda nje, na midomo yake ikaanza kutembea. Nilimwona anazisoma upya zile dua fupi za mwanzo, mshono kwa mshono. Kisha kidole kikasimama.

"Mpaka hapa," alisema.

Binti yangu alikuwa ameketi kando yake. Akachukua kitambaa kutoka kwa bibi yake, akakigeuza, akautafuta mwisho wa uzi nilioufungia mimi kwa fundo dogo. Nilielewa kabla hajaanza.

"Wacha!" nilisema. "Harusi ni kesho kutwa. Hiyo ni kazi ya siku nne, mchana kutwa!"

"Yake ilikuwa miezi minne," alisema, akavuta.

Nilisimama nikaangalia mizunguko yangu ikitoka mmoja baada ya mwingine, yote imehesabiwa, yote imelala. Ilitoka haraka sana. Mama hakumkataza. Aliweka kidole pale pale kwenye mzunguko wa sita ili mjukuu wake asipitilize. Alipofika hapo binti yangu alifunga uzi na kuukata kwa meno. Kilichobaki kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganja, na nilipokitazama vizuri niliona kwamba hata hapo, kwenye mzunguko wa mwisho, ukingo ulikuwa umeshaanza kuinuka.

Mama alishika neno lake, hajagusa tena sindano. Nilimwomba, nikamletea uzi mpya, nikamwahidi kwamba sitaingia hata kibarazani akishona. Akasema macho aliyokuwa nayo yaliishia kwenye kile. Sasa haoni kabisa. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo nalo linaniudhi. Ningependa anigombeze tumalize.

Uzi uliofumuliwa ninao mimi, umeviringishwa, ndani ya chombo kimoja cha maziwa juu ya kabati. Umefumuliwa mara mbili. Sijui nitaufanyia nini.

Darasani bado nafundisha kuhesabu, na bado napandisha sauti. Lakini akija mama mtu mzima na kitambaa kilichosimama kingo, namuuliza kwanza anamshonea nani, na kama hataki kukifumua simlazimishi. Wasichana wanasema madam amezeeka.

Binti yangu anaishi upande wa pili wa mji. Nikienda kwake ananiandalia chai, na kikombe changu anakileta kimefunikwa na kile kidogo, kuzuia nzi. Kinatosha kikombe kimoja tu. Nakiondoa mwenyewe, nakiweka mezani, nacho kinakaa pale kimeinua ukingo wake mpaka nimalize kunywa.